Mama Fundi, nataka watu waone ndani ya sabufa yangu

Jambo Mama Fundi. Mimi ni kijana wa Katuba, napiga muziki kwenye harusi na sherehe za mtaa. Nimejitengenezea boksi la sabufa kwa MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliobanwa, ya milimita 18. Limefungwa pande zote, halina tundu la hewa, na kwa ndani lina sentimita 33 kila upande. Spika ni ya inchi 12 na inalia vizuri. Sasa nataka kukata upande mmoja niweke pleksi, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ili watu waone sumaku na taa za buluu wakati wanacheza. Fundi mmoja wa mabango ya maduka ameniahidi kipande cha milimita 3. Dirisha nalitaka liwe kubwa, sentimita 30 kwa 30. Rafiki zangu wanasema nitaua besi. Wewe unasemaje? Na nibandike kwa gundi gani?
Kijana wa Katuba

Jambo sana, mwanangu. Dirisha weka, wala usiogope. Boksi lenye dirisha lililofungwa vizuri linalia sawa na lile la mbao tupu, na mtu akifumba macho hatajua lipi ni lipi. Lakini rafiki zako nao wameona kitu. Ukilifanya jinsi ulivyoandika, kwa milimita 3, sentimita 30 na gundi, besi yako itapungua na utaisikia ikipungua. Yote matatu tutayabadilisha. Nitakueleza na sababu, ili siku ukijenga boksi lingine ujue mwenyewe pa kuanzia.

Boksi lililofungwa halipo kwa ajili ya kushikilia spika tu. Hewa iliyofungiwa mle ndani ndiyo inayosaidia kuirudisha koni, ule uso wa spika unaotembea, mahali pake kila inapotoka. Koni ikirudi nyuma hewa inabanwa, ikienda mbele hewa inatanuka, na kuta zote sita zinasukumwa na kuvutwa pamoja nayo. Ukuta uliosimama imara hauli kitu. Ukuta unaonepa unakula sehemu ya kazi ya spika, halafu unaitoa kwa wakati wake wenyewe, si kwa wakati wa muziki.

Sasa tupige hesabu ya boksi lako. 33 mara 33 mara 33 ni karibu lita 36. Toa nafasi inayochukuliwa na spika yenyewe, zinabaki kama lita 34. Spika ya inchi 12 ina uso wa kama sentimita za mraba 480, na tuseme yako inaweza kwenda milimita 10 mbele na milimita 10 nyuma, kama sabufa nyingi nzuri za ukubwa huo. Ikirudi nyuma milimita hizo 10 inabana karibu nusu lita ya hewa ndani ya lita 34. Shinikizo hilo likitua juu ya dirisha la sentimita 30 kwa 30, linalisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 16. Kisha koni inakwenda mbele, na dirisha lile lile linavutwa ndani kwa nguvu inayokaribia hiyo. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatikisika mara 41 kwa sekunde. Basi fikiria kilo 16 zikisukuma na kuvuta mara 41 kila sekunde, wimbo mzima, usiku mzima. (Ukipiga hesabu hii kwa hewa ya usawa wa bahari utapata kama kilo 18, na pale Moanda, pwani, ingekuwa sahihi. Sisi hapa Lubumbashi tuko kwenye mita 1,200 hivi, na hewa yetu ni nyepesi kidogo.)

Pleksi ya milimita 3 yenye upana wa sentimita 30, hata ukiibana vizuri pande zote nne, itanepa karibu milimita 2 katikati chini ya nguvu hiyo. Hapo si ukuta tena, ni ngozi ya ngoma. Na ubaya wake si mtetemo tu. Angalia unavyokwenda: koni ikiingia ndani, dirisha linatoka nje, koni ikitoka nje, dirisha linaingia ndani. Moja linasukuma hewa ya ukumbi wakati lingine linaivuta. Sauti mbili zinakatana, na zinazokatana zaidi ni zile za chini kabisa, ambazo ndizo ulizonunulia sabufa. Rafiki zako wamesikia jambo hilo mahali fulani hata kama hawakujua kulieleza.

Dawa yake ina njia mbili, na watu karibu wote wanakimbilia moja tu, unene. Unene unasaidia sana, kweli. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu wa kunepa unaongezeka mara 8. Dirisha lako la sentimita 30 likiwa la milimita 6 litanepa kama robo ya milimita na kidogo juu yake, na likiwa la milimita 10 litanepa sehemu 6 tu kati ya 100 za milimita. Lakini pleksi ya milimita 10 ni ghali, ni nzito, na si kila fundi wa mabango anayo. Njia ya pili haina gharama: punguza dirisha. Kwa unene ule ule na shinikizo lile lile, ukipunguza kila upande kuwa nusu, kunepa kunapungua mara 16. Pleksi ya milimita 6 kwenye dirisha la sentimita 20 inanepa kidogo kama ile ya milimita 10 kwenye dirisha la sentimita 30. Hiyo ndiyo sababu kila anayekuja kwangu na kipimo cha dirisha mkononi namwambia kwanza: punguza.

Kuna sababu nyingine ya kupunguza ambayo haiko kwenye pleksi kabisa, iko kwenye MDF yako. Upande wako una sentimita 33 kwa ndani. Ukikata 30, unabaki na sentimita moja na nusu ya MDF kila upande. Huo si ukuta, ni uzi, na pembe za boksi ambazo zilikuwa zinashikwa na ubao mzima sasa zinashikwa na gundi peke yake. Ukikata 20, unabaki na sentimita 6 na nusu kila upande, mahali pazuri pa kukaza visi na pa kuweka fremu.

Kwa hiyo vipimo vyangu kwako ni hivi: tundu la sentimita 20 kwa 20 katikati ya upande, pembe zake zikiwa za mviringo kidogo. Bamba la pleksi la sentimita 24 kwa 24, ili liwe na sentimita 2 za kukalia kila upande. Unene milimita 8 ukipata, 6 ukikosa. Cha milimita 3 mrudishie fundi wa mabango kwa heshima, na umuulize kama ana vipande vilivyobaki vya pleksi nene. Kazi za herufi kubwa za maduka na makanisa huacha vipande vizuri vya kiasi hicho, navyo hauzi kwa bei ya bamba zima. Kabla ya kulipa, angalia ukingo. Pleksi ya kweli hata ukiitazama kwa ubavu inaonyesha ndani. Bamba la zamani lililotolewa kwenye bango la juani liache, hata akikupa bure. Huwezi kujua limechoka kiasi gani na jua.

Weka dirisha ubavuni, usiliweke juu. Wewe unapiga harusi, unajua mwenyewe: kitu chochote kilicho bapa na kiko kimo cha kiuno, watu wataweka chupa juu yake. Ubavuni ndiko pia sumaku inakoonekana vizuri zaidi, umbo lake zima na mgongo wa koni ukitembea.

Sasa gundi. Usibandike. Sababu ya kwanza ni hali ya hewa ya kwetu. Usiku wa Juni na Julai Lubumbashi inashuka chini ya nyuzi 10, na Oktoba boksi likikaa ndani ya gari juani linapita nyuzi 50 bila shida. Pleksi inatanuka na kusinyaa kwa joto mara nyingi kuliko mbao. Bamba la sentimita 24 likipata badiliko la nyuzi 40 linatanuka zaidi ya nusu milimita. Likiwa limegandishwa pande zote halina pa kwenda, na litaachia gundi au litapasuka. Sababu ya pili ni gundi zenyewe. Ile ya kubandika viatu na mazulia ina dawa kali inayokula pleksi. Ile inayokauka mara moja kwenye vidole inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya pleksi, na ukungu huo utauona kila taa zikiwaka.

Wengine wanatoboa bamba na kulikaza kwa visi moja kwa moja. Inawezekana, mradi tundu liwe kubwa kuliko visi kwa milimita moja au mbili, visi ziwe za kichwa bapa chini na rondela (ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha visi), na usikaze mpaka mkono ukatae. Visi za kichwa cha kuzama, zile zinazoingia kama kabari, zipasue mbao ukipenda lakini zisiguse pleksi. Mimi lakini napendelea njia isiyotoboa bamba hata mara moja, nayo ni fremu.

Inajengwa hivi. Kata tundu la 20 kwa 20, lainisha kingo kwa msasa, kisha zungushia ukingo wa tundu, kwa nje ya boksi, mkanda wa sponji ya kuzibia milango, ule usionyonya maji. Ukiubonyeza na kuuachia unarudi. Juu ya mkanda laza bamba. Kulizunguka bamba, gundisha kwenye MDF vipande vya mbao vyenye upana wa sentimita 4 na unene sawa na wa bamba lako pamoja na mkanda uliobanwa. Hivyo unawekea bamba ua, na kati ya bamba na ua acha milimita moja ya nafasi kila upande kwa ajili ya joto la Oktoba. Mbao kwa mbao hapo gundi nyeupe ya seremala inatosha, na ikauke kabla hujarudisha bamba. Mwisho inakuja fremu yenyewe, upana wa sentimita 6, nje 32 kwa 32, ndani 20 kwa 20. Sentimita 4 zake zinakaa juu ya ua na sentimita 2 zinalala juu ya bamba, na chini yake, pale inapogusa bamba, weka mkanda wa pili mwembamba. Visi zinapita kwenye fremu na ua na kuingia MDF, kila sentimita 6 au 7, bila kugusa pleksi. Kaza kidogo kidogo kwa kuvuka, huku kisha upande wa pili, mpaka mkanda ubanwe sawa pote.

Fremu hiyo inafanya kazi mbili. Inashika bamba, na inaurudishia ubao wa MDF ugumu uliouondoa kwa kukata. Mimi natumia mulombwa kwa sababu rangi yake nyekundu inapendeza kando ya pleksi, ila mbao yoyote iliyokauka vizuri itafaa. Mbao mbichi itakuumbua msimu wa kiangazi, itasinyaa na kuachia mkanda.

Kukata pleksi, kama fundi wa mabango ana mashine, mwachie yeye. Ukikata mwenyewe, karatasi ya kinga isitoke. Msumeno wa umeme wa meno madogo, mwendo wa polepole. Ukiukimbiza, pleksi inayeyuka na kujishika tena nyuma ya msumeno, na utadhani hujakata kitu. Kisha kingo kwa msasa wa maji, namba 220, 400, 800, ukipenda mpaka 1200. Usiharakishe kwa moto wa gesi. Ukingo utang'aa, kweli, lakini moto unaacha mkazo ndani ya bamba, na siku likiguswa na spiriti litapasuka pale pale ulipopitisha moto.

Nimekutajia kingo kwa sababu nina wazo kwa taa zako za buluu, na hapa naomba usome taratibu. Wewe umefikiria kuweka taa ndani ya boksi. Zinafaa, lakini kila waya unaoingia ndani unahitaji tundu, na kila tundu ni mahali pa kuvuja hewa. Pleksi ina tabia nzuri: mwanga ukiingizwa kwa ubavu unasafiri ndani ya bamba ukigonga uso huu na ule bila kutoka, mpaka ukutane na mkwaruzo. Hapo unatoka na kung'aa. Basi mwombe fundi wa mabango achonge jina la kikundi chako kwenye bamba, upande wa ndani, mchoro usio wa kina. Kisha laza mkanda wa taa ndogo za volti 12 kwenye ukingo wa chini, ndani ya ua, zikitazama bamba. Kwa upande huo acha nafasi ya milimita 4 badala ya 1. Bamba lenyewe litaonekana wazi, na jina litaelea katikati kwa buluu, sumaku ikiwa nyuma yake. Na kwa kuwa ua uko nje ya mkanda wa kuzuia hewa, hutoboi boksi kabisa. Bamba la milimita 8 linalingana sawasawa na mikanda ya taa ya upana wa milimita 8, ndiyo maana nimekuambia utafute unene huo.

Mkanda wa taa ukate kwenye alama zake tu, mara nyingi kila taa tatu. Upe umeme wake kutoka adapta ya volti 12. Usiuunganishe na nyaya za spika ili taa zifuate mdundo. Ampli inatoa umeme unaogeuka mbele na nyuma na unaopanda bila mpango, na taa zitakufa katika wimbo wa kwanza wenye nguvu.

Ndani ya boksi nako kutaonekana sasa, kwa hiyo kusafishe. Futa gundi iliyochuruzika kwenye pembe, funga nyaya kwa vibano zisigonge bamba. Kama umeweka pamba ya polista, iache nyuma na upande wa pili, isijazwe mbele ya dirisha. Ukipaka rangi nyeusi isiyong'aa, sumaku itatokeza vizuri. Rangi ikauke siku kadhaa boksi likiwa wazi kabla hujafunga dirisha. Mvuke wa rangi ya mafuta ukifungiwa ndani unaishambulia pleksi polepole, na hutajua kilichoiharibu. Vilevile silikoni: kama unaongeza mstari wa silikoni chini ya mkanda, tafuta isiyonuka siki, na usirudishe spika mpaka imekauka kabisa.

Kupima ni rahisi. Tafuta kwenye simu programu inayotoa sauti moja ya chini, iweke kati ya 30 na 40 Hz, yaani mitikisiko kwa sekunde, sauti ya wastani tu. Lowesha kiganja na ukipitishe polepole kuzunguka fremu. Hewa inayovuja utaihisi kama pumzi ya baridi inayokuja na kwenda. Kaza visi zilizo karibu, pima tena. Halafu weka kidole katikati ya dirisha. Ukihisi mtetemo mdogo kama wa kuta zingine za MDF, umemaliza.

Jambo moja la mwisho, maana najua kuna mtu atakuambia boksi la pande sawa ni baya. Kwa spika za sauti zote ana hoja. Kwa sabufa hapana: wimbi la sauti inayotikisika mara 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, na boksi la sentimita 33 ni dogo mno kulisumbua.

Mama Fundi, shikamoo. Kwa nini kila mtu anataka pleksi wakati kioo cha dirisha kipo kila mtaa na hakikwaruziki? Nina mabaki ya kioo cha milimita 6 nyumbani. Sabufa itakaa sebuleni, haitembei.
Papa wa familia, Kampemba

Marahaba, Papa. Kwa ugumu peke yake una haki, tena sana. Kioo ni kigumu kuliko pleksi zaidi ya mara 20. Kioo chako cha milimita 6 kinasimama imara kama pleksi ya karibu milimita 17. Kama sauti ndiyo ingekuwa hesabu pekee, ningekuambia chukua kioo.

Lakini umejiita Papa wa familia. Kioo cha kawaida cha dirisha kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye makali, na sabufa ya sebuleni inakaa sakafuni, kimo cha mtoto anayetambaa na cha mpira unaopigwa ndani ya nyumba. Boksi pia linakitikisa kioo bila kupumzika, na kikiwa na jeraha dogo ukingoni, ufa utaanzia hapo. Mabaki yaliyokatwa kwa mkono yana majeraha hayo karibu siku zote.

Kioo kinachofaa ni kile cha tabaka mbili zenye utando katikati, kama cha mbele ya gari, maana kikivunjika vipande vinabaki vimeshikwa na utando. Mafundi wa vioo wanaweza kukikata. Kile kilichochomwa ili kiwe na nguvu, cha milango ya maduka, hakikatwi tena baada ya kuchomwa. Kinaagizwa kwa kipimo. Ukipata cha tabaka mbili, tumia fremu niliyomweleza kijana wa Katuba, na mkanda laini pande zote mbili bila kukosa. Kioo kisiguse mbao wala visi mahali popote. Ukikosa, nunua pleksi, na kioo chako kipeleke kwenye fremu ya picha ukutani.

Mama Fundi, mimi nina terasi ndogo Kamalondo. Sabufa yetu ina dirisha la pleksi lililokazwa kwa visi nane. Mwanzoni lilikuwa safi kama maji. Sasa kuna nyufa nyingi nyembamba kama nywele zinazoanzia kwenye visi na kusambaa, na katikati kumekuwa na ukungu wa mikwaruzo. Msichana wa usafi analipangusa kila asubuhi kwa dawa ya vioo, na hata nimemwongezea spiriti ili ling'ae. Tunakosea wapi?
Mama wa terasi, Kamalondo

Dada yangu, msichana wako anafanya kazi vizuri, ni dawa ndiyo mbaya. Visi zilizokazwa sana zinaacha mkazo ndani ya pleksi kuzunguka kila tundu. Mkazo huo peke yake ungeweza kukaa kimya muda mrefu. Spiriti ikifika pale inafungua nyufa, na dawa nyingi za vioo zina spiriti au amonia. Petroli na tina zinafanya vilevile. Nyufa hizo hazitoki kwa kupaka rangi wala kwa msasa, kwa sababu ziko ndani ya bamba. Badilisha bamba, na upesi, kwa maana ufa mmoja ukivuka kutoka tundu hadi tundu hewa itaanza kuvuja na utasikia boksi likipumua.

Bamba jipya likazwe kwa visi za kichwa bapa chini, rondela na mpira mwembamba chini yake, matundu makubwa kuliko visi. Fundi akikaza, asimame pale mpira unapoanza kubanwa.

Mikwaruzo ya katikati ni vumbi. Miezi ya kiangazi vumbi letu jekundu linakaa juu ya kila kitu, na kitambaa kikavu kinalisugua kwenye pleksi. Kwanza limwagiwe maji kidogo au litandazwe kitambaa kilicholoa ili vumbi litoke bila kusuguliwa. Kisha maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini cha pamba, na kukausha kwa kugusagusa. Wakati mnaosha, ampli izimwe na maji yasifike kwenye spika. Mara mbili kwa juma inatosha. Ile dawa ya vioo ibaki kwa ajili ya vioo vya kabati la vinywaji.